Mji wa kati unaweza kubeba timu mpya ya hoki ya vijana? Piga hesabu hivi kabla halmashauri haijapiga kura

Kuna timu moja ya hoki ya barafu imeshapita miji minne, na ukiifuatilia tu safari yake unajifunza mengi kuliko kwenye ripoti ya mshauri yeyote wa kulipwa. Ilianza Edmonton mwaka 1996, mji mkuu wa Alberta, ikacheza misimu miwili ikashindwa. 1998 ikahamia Cranbrook, kimji cha milimani huko British Columbia chenye watu kama 20,000, ikaitwa Kootenay Ice, na hapo ikakaa misimu 21 na 2002 ikabeba Memorial Cup ambalo ndo kombe kubwa kuliko yote kwa vijana wa Kanada, linashindaniwa tangu 1919. 2019 ikapelekwa Winnipeg, mji wa watu zaidi ya 700,000, ikadumu misimu minne ikauzwa, na tangu 2023 iko Wenatchee, jimbo la Washington, mji wa watu kama 35,000 hivi.

Yaani miji midogo iliilea na miji mikubwa ikaitema. Sasa mtu akija kwenye mkutano wa mji akakwambia "sisi tuko watu elfu themanini kwahiyo timu tunaiweza", hiyo bado sio hesabu, na mimi nataka kuonyesha hesabu yenyewe inapigwaje.

Naandika zaidi kwa ndugu zetu wanaoishi Kanada na Marekani kwenye miji ya saizi ya kati, Lethbridge, Red Deer, Moncton, Sioux Falls na mingine ya aina hiyo, maana huko ndo habari za timu mpya zinapoibuka kila baada ya miaka michache na huko Waswahili tupo, tunalipa kodi kama wengine, lakini likija suala la ukumbi wa barafu tunakaa kimya tukidhani ni mambo yao. Hapana, hela inayojenga ule ukumbi ni ya kwako pia, na mtoto wako ndo atakua kwenye huo mji. Kwahiyo jifunze kuuliza.

Anza na ligi, usianze na mji

Hoki ya vijana ni ya umri wa miaka 16 mpaka 20, na ina madaraja. Juu kabisa kwa Kanada ni CHL, ambayo ndani yake kuna ligi tatu: WHL ya magharibi, OHL ya Ontario na QMJHL ya Quebec na majimbo ya pwani ya mashariki, na WHL na OHL zina timu chache za upande wa Marekani pia. Chini yake kuna Junior A, kwa mfano BCHL ya British Columbia, AJHL ya Alberta, SJHL ya Saskatchewan. Marekani kwenyewe ya juu ni USHL halafu inafuata NAHL.

Hili watu wanaliruka na ndo linaua. Wanauliza "tunaweza timu?" badala ya kuuliza "tunaweza timu ya daraja gani?" Gharama ya timu ya WHL na gharama ya timu ya Junior A ni vitu viwili tofauti kabisa. Cranbrook walipopoteza ile timu ya WHL hawakubaki bila hoki, 2020 wakapata Cranbrook Bucks kwenye BCHL, ukumbi ule ule, watu wale wale, ila mzigo mwepesi. Na safari inaweza kwenda upande wa pili: Penticton, watu wasiofika 37,000 kwenye sensa ya 2021, walikaa miaka mingi BCHL na timu yao ya Vees, wakawa mabingwa, watu wakazoea kununua tiketi, ukumbi mzuri wa kama viti 5,000 upo tayari, ndo 2025 wakapanda kuingia WHL. Chilliwack ndo mfano ninaoupenda zaidi maana wamepita kote kuwili, walikuwa na timu ya WHL kuanzia 2006, ikauzwa ikahamia Victoria 2011, wakashuka wakakaa na Chiefs wa BCHL, na sasa WHL imewapa nafasi tena kuanzia msimu wa 2026-27.

Kwahiyo kama mji wenu haujawahi kuwa na timu yoyote ya watu kulipia tiketi, ushauri wangu ni kuanza chini. Miaka mitano ya Junior A itawaambia ukweli ambao hamna utafiti utawaambia.

Chora duara halafu anza kutoa

Chukua ramani, weka mji wenu katikati, chora duara la saa moja ya kuendesha gari wakati wa baridi, narudia wakati wa baridi, barabara ikiwa na theluji. Watu wote walioko humo ndo soko lenu. Swift Current huko Saskatchewan ina watu kama 16,750 tu na ina timu ya WHL na ilishabeba Memorial Cup 1989, na haiwezekani kuielewa bila kuhesabu wakulima na vijiji vya jirani wanaoingia mjini siku ya mechi.

Ukishachora, anza kutoa. Toa kwanza kivuli cha timu kubwa. Angalia Brampton na Mississauga, ni miji mikubwa sana kando ya Toronto, Mississauga peke yake inazidi watu 700,000. Brampton walipewa timu ya OHL 1998, ukumbi mpya wa viti 5,000, na 2013 ikaondoka kwenda North Bay, mji wa watu kama 53,000 ulioko mbali kaskazini. Mississauga nao walianza 1998, timu ikaenda Niagara 2007, ikaja nyingine kutoka Toronto, na hiyo nayo 2024 ikahamia Brampton. Sababu haijifichi, mtu wa pale jioni yake ina Maple Leafs, timu ya Toronto ya NHL (ligi kubwa ya hoki ya kulipwa), kwenye tivi, ina Toronto yenyewe, ina foleni ya barabarani akitoka kazini, na timu ya vijana inakuwa kitu cha nne au cha tano kwenye akili yake. North Bay, Jumamosi ya Januari, timu ndo habari ya mji. Na hao North Bay walishawahi kupoteza timu yao 2002 ikaenda Saginaw, Michigan, wakakaa miaka 11 bila, kwahiyo iliporudi walijua thamani yake.

Ila usije ukafikiri mji mkubwa ni mbaya siku zote. London ya Ontario ina watu zaidi ya 400,000 na Knights wanajaza ukumbi wa watu kama 9,000, Halifax wana Mooseheads tangu 1994, Quebec City wana Remparts. Hiyo miji mitatu haina timu ya NHL. Na pale Calgary na Edmonton timu za vijana zilizopo sasa zinamilikiwa na wenye timu za NHL wenyewe, kwahiyo wanagawana ukumbi na ofisi na wafanyakazi. Swali la kuuliza ni hili: usiku wa mechi, timu yetu itakuwa namba ngapi kwenye vitu vya kufanya hapa mjini? Kama jibu ni moja au mbili endelea. Kama ni tano simama hapo ufikirie vizuri.

Ukumbi na lizi, hapa ndo kaa sana

Mimi naamini timu nyingi zinauawa na karatasi ya lizi (mkataba wa kupanga ukumbi) na ukumbi wenyewe kabla hazijauawa na matokeo ya uwanjani, kwahiyo hapa usiwe na haraka.

Ukubwa kwanza. Hamilton walikuwa na ukumbi wa viti kama 17,000 uliojengwa kwa ndoto ya kupata NHL, na timu ya vijana ilikuwa inacheza humo, ikabeba ubingwa wa OHL 2018 na 2022, lakini watu elfu tatu au nne kwenye jumba la elfu kumi na saba wanaonekana hawapo, hamna kelele, na hamna anayeona sababu ya kununua tiketi mapema kwasababu anajua viti vipo tu. 2023 ukumbi ukafungwa kwa ukarabati timu ikahamia Brantford, mji wa watu kama 104,000 alikozaliwa nguli wa hoki Wayne Gretzky, kwenye ukumbi mkongwe wa 1967 wenye viti visivyozidi 3,000 hivi, na pale tiketi ikawa kitu cha kugombania. Tiketi ikiwa adimu watu wananunua ya msimu mzima. Ukumbi mdogo uliojaa ni bora mara mia kuliko mkubwa mtupu.

Ila mdogo kupita kiasi nao ni kifo, Winnipeg ile timu niliyoanza nayo ilikuwa inacheza kwenye ukumbi wa chuo kikuu wa watu kama 1,600 ikisubiri ukumbi mpya ambao haukujengwa. 2023 walifika mpaka fainali ya WHL na mwezi mmoja baadae wakauzwa. Kwahiyo mtu akiwaambia "tuleteeni timu, ukumbi mpya unakuja", mwambieni ukumbi kwanza, au mkataba wa ujenzi uliosainiwa na hela iliyopo benki.

Na kabla hamjakimbilia kujenga, someni habari ya Wenatchee hao hao. Ukumbi wao ulifunguliwa 2008, na Desemba 2011 mamlaka ya umma inayoumiliki ikashindwa kulipa deni la karibu dola milioni 42, ikabidi kodi ya mauzo ipandishwe kuokoa jahazi. Waliolipa ni watu wa kawaida waliokuwa wananunua viatu na betri za gari. Leo wana timu ya WHL na ni jambo zuri, lakini njia waliyopitia ilikuwa chungu na msikubali mtu aifiche.

Kama ukumbi upo tayari, nendeni na fundi mkaangalie mtambo wa barafu. Sio kuangalia viti na rangi, mtambo. Mitambo mingi ya zamani inatumia amonia kupoza, na Oktoba 2017 kule Fernie, British Columbia, amonia ilivuja kwenye ukumbi wa mji wafanyakazi watatu wakafariki. Mtambo mpya ni hela nyingi sana na ni lazima ijulikane mapema nani atailipa, mji au timu.

Halafu lizi yenyewe. Watu wanasoma kodi ya pango tu wanasema "ahh ni nafuu". Pango ni kipande kidogo. Ulizeni bia na chakula vinauzwa na nani na asilimia ngapi inaenda kwa timu, maegesho ya magari hela yake inaenda wapi, jina la ukumbi likiuzwa kwa kampuni nani anakula, matangazo ya pembeni ya barafu ni ya nani, vile vyumba vya wakubwa vya juu nani anavikodisha. Timu inayolipwa tiketi peke yake huku mapato mengine yote yanaenda kwa mwenye ukumbi haitafika mbali, na mji unaoachia kila kitu kwa mwenye timu nao unajiibia wenyewe. Na ulizeni tarehe! Brandon, Manitoba, kila mwisho wa Machi kuna maonyesho makubwa ya kilimo na farasi yanayochukua ukumbi, kipindi hicho hicho mechi za mtoano zinaanza, na Wheat Kings, timu ya hapo, inabidi wapishe. Timu kongwe yenye mashabiki inaweza kuvumilia, timu mpya ya mwaka wa pili ikikosa mechi mbili za nyumbani za mtoano ni pengo kubwa.

Kipengele cha mwisho kwenye lizi ambacho ningekipigania mpaka asubuhi ni cha kuondoka: mmiliki akitaka kuhama kabla ya muda analipa kiasi gani, na mji au kikundi cha wenyeji wana haki ya kwanza ya kuinunua timu au hawana? Hiki kikiwa hakipo msisaini.

Hesabu yenyewe

Sasa chukua karatasi. Timu za WHL na OHL zinacheza mechi 68 kwa msimu, nusu yake nyumbani, kwahiyo 34. Tuseme mnategemea watu 2,500 kwa mechi na tiketi kwa wastani inabaki dola 20 baada ya kodi. Hizi ni namba zangu za mfano tu, wewe weka za mji wako. 34 mara 2,500 ni tiketi 85,000, mara 20 ni dola 1,700,000. Inavutia eeh?

Sasa rekebisha. Katika hao 2,500 wanaotangazwa kwenye spika, wangapi wamelipa? Timu zinagawa tiketi za bure kwa mashule, kwa sponsa, kwa promosheni. Tuseme 700 ni za bure. Unabaki na 1,800, ambayo ni dola 1,224,000, yaani umepoteza dola 476,000 na ukumbi unaonekana vile vile. Kwahiyo kila mara mtu akikutajia idadi ya watazamaji wa timu ya mji jirani, muulize ni waliolipa au waliotangazwa.

Halafu rekebisha tena kwa siku. Ijumaa na Jumamosi watu watakuja, hilo sina wasiwasi nalo. Jumanne ya Februari, nje nyuzi 30 chini ya sifuri, timu imefungwa mechi sita mfululizo, kesho shule na kazi, nani anakuja? Kama nusu ya mechi ni wikiendi mnapata 3,200 na nusu ni katikati ya wiki mnapata 1,800 wastani wenu ni ule ule 2,500. Lakini katikati ya wiki ikishuka ikawa 1,000, wastani unakuwa 2,100 na hapo zimeondoka dola 272,000 nyingine.  Ndo maana ukiwa unaomba ligi iwape nafasi, ulizia pia ratiba, mtapewa wikiendi ngapi.

Na usisahau kugawanya kwa idadi ya watu. Mji wa 40,000 ukitaka watazamaji 2,500 maana yake kila mechi mtu mmoja kati ya 16 awe ukumbini, pamoja na watoto wachanga na wazee wa hospitali kwenye hiyo hesabu. Inawezekana, Saskatchewan wanafanya, ila ujue unachoomba.

Upande wa matumizi wengi wanakumbuka mishahara ya kocha na mabasi, wanasahau shule. CHL mchezaji sio mfanyakazi wa mshahara wa kawaida, anapewa posho, na kila msimu aliocheza analipiwa mwaka mmoja wa masomo ya juu. Hilo ni deni linalojijenga kimya kimya miaka ya mbele, mmiliki asiyeliweka kwenye bajeti anawadanganya.

Kusanya amana, usikusanye saini

Saini elfu kumi za mtandaoni hazina thamani. Fungueni akaunti ya benki inayosimamiwa na wakili, kila anayetaka tiketi ya msimu aweke amana, hata dola 50 au 100, irudishwe kama timu haikuja. Wekeni lengo na tarehe ya mwisho. Kwa timu ya daraja la CHL kwenye ukumbi wa viti 4,000 mimi nisingeendelea bila amana 2,000 za watu binafsi, yaani mbali na makampuni. Makampuni nendeni kivyake, lakini msitegemee kampuni moja tu kubwa ya mgodi au ya mafuta, siku bei ikianguka duniani sponsa anaondoka na wafanyakazi wake waliokuwa wananunua tiketi wanaondoka nae.

Na kwenye kukusanya amana fikeni mitaa yote. Miji ya Kanada miaka ya karibuni imekua zaidi kwa wahamiaji, sisi tukiwemo, na bado timu nyingi zinauza tiketi kwa familia zile zile za miaka ya 80. Mtu akisema wageni hawapendi hoki mwambieni kuna vijana wa Nairobi, Ice Lions, wanacheza kwenye kibarafu kidogo cha hoteli ya Panari na 2018 walifika mpaka Toronto wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Upendo upo, kinachokosekana ni mlango. Viatu vya barafu ni ghali, mafunzo ni ghali, maelezo yote ni ya kiingereza. Timu mpya ikitenga Jumapili za watoto kuteleza bure na viatu vya kuazima, ikatuma mtu kwenye makanisa na misikiti na maduka yetu, miaka kumi baadae ina mashabiki ambao mji wa jirani hauna. Hili ningeliandika kwenye mkataba kabisa, sio kuahidi tu kwa mdomo.

Nyumba za kulala na mabasi

Haya mawili kwa kifupi. Wachezaji wengi wanatoka mbali, wengine wana miaka 16, na wanakaa kwa familia walezi za hapo mjini, wanakula nao, wanasoma shule za hapo. Mnahitaji familia kama 20 zilizo tayari, zimechunguzwa na polisi, kabla ya msimu kuanza. Kama mkiita mkutano wa familia walezi wakaja watu sita, hiyo ni alama mbaya kuliko hata tiketi kutouzika, maana anayefungua nyumba yake ndo anaipenda timu kweli. (Na familia za kiswahili tunaweza kabisa hii kazi, kulea mtoto wa mwenzio hatujaanza leo.)

Umbali nao uangalieni kwenye ramani ya ligi. Mashariki kuna timu ya Rouyn-Noranda na kuna timu ya Cape Breton, ni zaidi ya kilomita 1,500 kati yao na wote ni QMJHL. St. John's kule kisiwani Newfoundland lazima ndege, walipata timu 2005 ikaondoka 2008, na 2025 wamepata nyingine. Kama mtakuwa pembeni ya ramani bajeti ya safari inaweza kuzidi ya makocha. Na pesa ya basi zuri na dereva aliyelala vizuri isipunguzwe hata senti. Aprili 2018 basi la timu ya vijana ya Humboldt Broncos liligongana na lori Saskatchewan wakafa watu 16, na kabla ya hapo Desemba 1986 Swift Current walipoteza wachezaji wanne barabarani. Hao ni watoto wa watu.

Nani anamiliki

WHL kuna timu nne zinamilikiwa na jamii: Lethbridge, Moose Jaw, Prince Albert na Swift Current. OHL wapo Kitchener, ambao wenye tiketi za msimu ndo wanachagua bodi, na Peterborough. Mimi nakiri wazi napenda mfumo huu kwa mji wa kati, kwasababu timu haiwezi kuuzwa usiku mmoja na mtu anayekaa mji mwingine. Ubaya wake ni kwamba mwaka wa hasara hamna tajiri wa kuziba, bodi inabidi ikope au ipitishe bakuli.

Lakini hata kama mwekezaji wenu ni mtu binafsi hizi timu za jamii zina faida moja kwenu, zinafanya mkutano mkuu kila mwaka na kutangaza mahesabu. Tafuteni hayo mahesabu ya miaka mitano, ya timu ambayo mji wake unafanana na wenu, muyasome mstari kwa mstari. Mtaona tiketi ni kiasi gani, matangazo kiasi gani, ile bahati nasibu ya nusu kwa nusu (mshindi anachukua nusu ya hela) inaleta kiasi gani, na mtaona jambo moja la kushtua, mwaka timu ikifika mbali kwenye mtoano kuna faida na ikitolewa mapema au isipoingia kabisa mara nyingi hasara inakuja. Sasa bajeti yenu ya timu mpya ikiwa inategemea mtoano ili isawazike, irudisheni mezani. Timu mpya hamna uhakika kama itaingia mtoano miaka ya mwanzo.

Pima mwaka wa tatu

Mwaka wa kwanza kila mtu anakuja. Mwaka wa pili bado. Wa tatu ugeni umeisha, jezi mpya zimeshachakaa, na vijana wazuri mliowapata wamefika miaka 20 wameondoka, kwasababu hoki ya vijana inajibomoa na kujijenga upya kila baada ya miaka minne hivi na hamna namna ya kukwepa. Na sasa wanaondoka mapema zaidi: zamani aliyecheza CHL alikuwa haruhusiwi kucheza vyuo vikuu vya Marekani vya daraja la kwanza, NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo hivyo, wakabadilisha mwezi Novemba 2024 ikaanza kutumika Agosti 2025, na mara moja Gavin McKenna, nyota wa Medicine Hat Tigers, akaenda zake Penn State. Kwahiyo msiuze tiketi kwa sura ya mchezaji mmoja.

Na kombe halilindi. Bathurst, New Brunswick, kimji cha watu kama 12,000, Titan wao walibeba Memorial Cup 2018, wakawa mabingwa wa Kanada nzima, lakini timu ikauzwa na 2025 ikahamia St. John's. Waliipenda, hilo halina ubishi, ila hesabu haikutosha. Kwahiyo tengenezeni bajeti ya mwaka wa tatu kabla ya wa kwanza: timu ya mwisho kwenye msimamo, watu 1,900, sponsa mmoja mkubwa kajitoa, mtambo umeharibika. Mmiliki aonyeshe hela ya kubeba miaka miwili ya namna hiyo mfululizo, aonyeshe barua ya benki sio maneno.

Siku ya mkutano

Jiandikishe kuongea, kila halmashauri ina utaratibu wake na mara nyingi unapewa dakika chache tu, kwahiyo nenda na maswali matatu yameandikwa: waliolipa tiketi wangapi wanahitajika ili timu isipate hasara, mtambo wa barafu anaulipia nani, na mmiliki akihama analipa nini. Omba majibu kwa maandishi kabla ya kura. Kama wakisema majibu ni siri ya biashara, omba kura isogezwe mbele mpaka lizi yote iwekwe hadharani, na mpigie diwani wako simu kesho yake asubuhi kabla jambo halijapoa. Nenda na watu, sio peke yako, hata watano wanatosha.

Na tarehe ya mwisho ya amana ikifika hamjatimiza lengo, rudisheni hela zote za watu ndani ya wiki mbili bila kukata hata senti, tangazeni idadi mliyofikia, halafu wiki hiyo hiyo wasilianeni na ligi ya daraja la chini mkiwa na hiyo orodha mkononi. Amana 1,100 haziwatoshi WHL ila kwa ligi ya Junior A ni habari njema kabisa, watawasikiliza.